Matanga ya Gentille

Jumatatu, tarehe 2 Desemba

Siku mbaya. Siku mbaya kabisa. Filamu imeniishia mkononi.

Nieleze vizuri, maana huenda siku moja shajara hii itasomwa na watu wakubwa. Mimi ni Esdras, directeur, yaani mkurugenzi, wa Salle Espoir, ukumbi wa filamu, hapa Kashebere. Mabenchi manane, televisheni moja, batri mbili za sola. Filamu yetu ni ya mfululizo, imetoka nchi ya mbali, na lugha yake siijui. Hakuna anayeijua hapa. Ndiyo maana watu wanakuja: mimi natafsiri. Nasimama kando ya televisheni na kifimbo, nasema wanayoyasema. Majina nimewapa mwenyewe. Gentille ni yule msichana wa mashavu. Patient ni mume wake. Jean-Luc ni shemeji mbaya mwenye gari jeupe. Miezi minane sasa, kila siku saa tisa alasiri, na hakuna aliyewahi kulalamika kuhusu tafsiri.

Leo Gentille ameweka mkono kwenye kitasa cha mlango. Nyuma ya mlango kuna mtu. Nani? Televisheni ikawa nyeusi. Nimebonyeza kila kitu. Nimepiga televisheni kofi. Ni mwisho wa flash, sehemu ya mia mbili ishirini na nane. Zilizobaki ziko Omate, kwa wachimbaji. Wale wana kila filamu mpya. Thierry wa pikipiki alikwenda kuzinakili wiki iliyopita, lakini barabara ni matope matupu na simu yake haishiki.

Watu wamepiga kelele, wameondoka. Nimemwona Mama Bénédicte, muuza ndizi, mwenye benchi la kwanza, akichungulia upande wa pili wa barabara. Huko ndiko kwa Faustin. Ciné Jérusalem! Kibanda cha bati chenye filamu moja ya karate, ileile, tangu Septemba. Sasa ameanza kugawa mahindi ya kuchoma. Mtu mwenye filamu nzuri hagawi mahindi.

Jioni kaja Mama Léontine, mwenye nyumba. Amesema kwa upole kwamba mfanyabiashara mmoja, Mama Joséphine-Marie, anatafuta depo ya maharagwe yanayoshuka kutoka Masisi. "Esdras mutoto yangu, mimi sina vita na weye. Lakini nyumba ya kukaa bule, afazali ijaye maharagi." Amenipa mpaka Jumapili. Jumapili mabenchi manane yajae, na yakae yamejaa mpaka mwisho wa onyesho. La sivyo, Jumatatu magunia yanaingia.

Sijaogopa. Directeur haogopi. Sijala lakini.

Jumanne, tarehe 3 Desemba

Akili yangu ni kubwa kuliko nilivyodhani. Nimelala nikiwaza, nimeamka na jibu. Kama tafsiri ninatunga mimi, basi sehemu ya zamani yaweza kuwa sehemu mpya! Ni kubadilisha maneno tu.

Nimechukua sehemu ya tatu, ile ya uchumba wa Gentille. Nimetangaza kwamba leo ukoo mzima unakutana kugawana shamba la marehemu babu. Mabenchi matano yamejaa. Nusu saa nzima nimewashika. Baba wa Patient alipoinua glasi, nimesema anaapa kwamba mpaka wa shamba ni mtoni. Watu wameguna. Mzee mmoja amesema huyo baba ni mwizi, anajulikana.

Kisha Mama Bénédicte akainua mkono. Yule mama hasahau kitu. Akasema ile robe ya manjano ndiyo gauni alilovaa Gentille siku ya uchumba. Nikamjibu kwamba Gentille ni maskini, ana robe mbili tu. Akauliza kuhusu yule mzee wa ndevu, si nilisema alikwenda safari? Nikasema amerudi kwa ajili ya shamba. Nilidhani nimepona.

"Na gâteau?" akauliza, akinyooshea kidole keki iliyo mezani. "Kwenu mwagawaka shamba na gâteau?"

Wamecheka mpaka benchi moja limevunjika mguu, ikabidi nilifunge kamba. Nusu wamevuka barabara. Faustin alisimama mlangoni kwake na mahindi mkononi, akanipungia.

Mke wangu Gaëlle anauza beignets, maandazi ya mafuta, mlangoni pa salle. Nimemuuliza anaonaje. Amesema ningewaambia tu watu ukweli, kwamba Thierry amekwama. Ukweli! Hajui kitu kuhusu sanaa.

Jumatano, tarehe 4 Desemba

Wazo jipya. Bora kuliko la jana.

Kwenye rimoti kuna kitufe cha kupunguza mwendo. Sikuwahi kujua kazi yake. Sehemu ya dakika arobaini, ukiipunguza, inakwenda saa mbili. Ukiwa na sehemu moja tu ya maana, irefushe! Nimechukua ya mia mbili ishirini na nane, ile ya mlango, watu waionje polepole.

Imeanza vizuri. Gentille anatembea kama anapita mtoni. Tatizo ni sauti. Gentille amefungua mdomo, ikatoka sauti ya ng'ombe dume. Nimesema haraka kwamba ukoo mzima umeshikwa na mafua. Watu wamesikitika. Mama mmoja ametaja majani ya kuchemsha.

Mama Bénédicte ameangalia skrini robo saa. Kisha ameuliza kwa nini hata saa ya ukutani imeshikwa na mafua.

Nimesema ni saa ya zamani. Batri ikaisha hapohapo, kabla Gentille hajafika mlangoni. Watu kumi na wawili wamebaki, nao walikuwa wanajikinga mvua. Faustin ametoa spika nje, akatangaza kwa kijiji kizima kwamba kwake watu wanakimbia, hawatambai.

Namchukia Faustin. Naandika hapa kwa sababu kanisani siwezi kusema hivyo.

Alhamisi, tarehe 5 Desemba

USHINDI!

Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi nilipita kwa jirani aliyefiwa na shangazi yake mwezi uliopita. Nikakumbuka siku ile: uwanja ulijaa, njia ilijaa, hata watu wasiomjua shangazi walikuja. Nikasimama katikati ya barabara. Kumbe! Ni nini kinachojaza nyumba hapa kwetu? Si harusi. Harusi inataka mwaliko. Kifo hakina mwaliko. Ukisikia kilio kwa jirani, unaacha jembe, unakwenda.

Basi nimemuua Gentille.

Kuna mahali katika sehemu ya tisa analala kitandani, mume wake amekaa kando, ameshika kichwa. Zamani nilitafsiri kwamba mume anaumwa jino. Leo nimepunguza sauti ya televisheni, nikashusha kifimbo, nikasema polepole kwamba nyuma ya ule mlango alikuwa Jean-Luc, na kikombe cha chai, na ndani ya chai kulikuwa na sumu. Kwamba Gentille amekunywa. Kwamba Gentille hatunaye tena.

Mama Bénédicte akapiga yowe. Yowe la kweli! Benchi la kwanza likafuata, la pili likafuata. Kilio kikatoka nje. Na hapo, shajara yangu, hapo nimeona kwa macho yangu Ciné Jérusalem ikimwagika. Watu wa Faustin wameacha karate, wamevuka barabara mbio, mahindi mdomoni, wakiuliza ni nani. Wakaambiwa ni Gentille. Wakaanza kulia na wao. Faustin mwenyewe kaja, kofia mkononi.

Mabenchi manane! Watu madirishani! Mimi pia nimelia kidogo, kwa furaha, na wamenisifu kwa moyo wangu. Jumapili imeshafika mfukoni.

Ijumaa, tarehe 6 Desemba

Nimefika salle saa nne, nikipiga mluzi. Mluzi umekatika.

Mabenchi yako nje, uwanjani. Mikeka imetandikwa. Moto unawaka, sufuria tatu juu yake. Wanaume wanacheza karata. Wanawake wamefunga vitambaa kichwani. Ndani, televisheni yangu imefunikwa kitenge, imegeuzwa ukutani. Mama Léontine, mwenye nyumba mwenyewe, anasonga bugali.

Nimeuliza kuna nini. Mama Bénédicte ameniangalia kwa huruma, akanishika mkono, akanikalisha kwenye mkeka. Amesema ni matanga. Nimemwambia kwa sauti ya chini kwamba Gentille ni wa filamu. Nilidhani nimemsaidia. Amekasirika.

"Tunajua kama ni filme. Hatuko wajinga. Lakini ule mutoto tulikaa naye miezi munane. Tulikula naye mahindi, tulikula naye beignets. Mutu wa vile utamuacha aende bila kilio, sawa kuku?"

Nimesema sawa, tulie, halafu saa tisa tuendelee na onyesho. Wote wamenigeukia. Filamu, katika nyumba ya matanga? Hata redio hairuhusiwi. Mpaka Jumapili baada ya kanisa, ndipo wataanua matanga na kila kitu kitafunguliwa.

Hesabu hiyo imenituliza. Jumapili baada ya kanisa ni kabla ya saa tisa. Shida ni kwamba sina kitu cha kuwaonyesha Jumapili, na nyota wangu nimeshamuua.

Kisha wameuliza baba wa marehemu ni nani. Wamezungumza. Wameona kwamba aliyempa jina ndiye baba. Basi ni mimi. Siruhusiwi kuoga. Siruhusiwi kucheka. Kila mtu anayefika ananipa mkono na kusema pole, nami nasema asante. Nimepokea pole mia moja na kitu. Ndizi, unga wa muhogo, sombe ya majani ya muhogo, kuku wawili. Faustin kaja mara tatu, amekata kuni, ameteka maji. Watu wanasema kumbe Faustin ana roho nzuri. Ananiudhi sana.

Jumamosi, tarehe 7 Desemba

Nanuka. Lakini leo nimemshinda Faustin, na kwa ujinga wake mwenyewe. Sikiliza.

Asubuhi katekista Albert amekaa na wazee kwa baraza la familia, kama desturi. Kijiji kizima kimekuja kusikiliza, hata watu wa vilima vya upande wa Masisi waliokuja sokoni. Sijawahi kuona umati kama huo, na hakuna aliyewasha batri. Albert ameuliza marehemu alikufa na nini. Nikasema chai. Ameuliza kama aliacha watoto. Nikasema hapana. Kisha ameuliza kama mume alimaliza mahari.

Hapo nimekumbuka sehemu ya saba. Siku ile nilikuwa na usingizi, nikatafsiri kwamba Patient alimchukua Gentille bure, bila hata mbuzi mmoja. Watu walicheka wakati ule. Leo hakuna aliyecheka. Wazee wametikisa kichwa. Mwanamke asiyetolewa mahari, huwezi kuanua matanga yake hivihivi. Upande wa mume lazima uje utoe, kisha ndipo aende kwa heshima. Nimesema upande wa mume uko nchi ya mbali, na hawana simu.

Faustin akasimama. Akasema siku zote alikuwa anamhurumia Patient, na kama hakuna mtu, yeye atakuwa ndugu yake. Mama Bénédicte akapiga makofi. Faustin kaenda, karudi na mbuzi. Mbuzi wa kweli! Wa kahawia, amenona, pembe moja imepinda. Akapiga goti mbele yangu, akasema ni mahari ya Gentille. Albert akaniuliza, mbele ya watu wote, kama napokea.

Nilijing'ata ulimi nisicheke. Mtu anatoa mbuzi kwa ajili ya mwanamke wa filamu, tena amekwisha kufa! Nimepokea kwa mikono miwili. Nimesema kwa sauti: nimepokea mahari ya binti yangu. Wameandika majina ya mashahidi. Mbuzi amechinjwa hapohapo, na ini limekuja kwangu, kama baba.

Gaëlle alinivuta shati wakati ule, akaniambia nifikiri kwanza. Nimemwambia ale nyama.

Jumapili, tarehe 8 Desemba

Naandika nikiwa nimekaa sakafuni. Mabenchi hayapo.

Asubuhi yote ilikuwa ya baraka. Matanga yameanuliwa baada ya kanisa, nimeoga, na saa saba na nusu, nani anaingia? Thierry! Matope mpaka masikioni, pikipiki ameisukuma sijui kilomita ngapi, na mfukoni, ndani ya plastiki, flash kutoka Omate. Sehemu ya mia mbili ishirini na tisa mpaka ya mia mbili sitini! Nimembusu. Sikumwambia mtu mwingine.

Saa tisa salle imejaa. Mabenchi manane, dirisha, mlango. Mama Léontine ameangalia, ameridhika, akasema wakikaa mpaka mwisho, Mama Joséphine-Marie atafute depo pengine. Faustin amefunga kibanda chake, amekaa benchi la pili. Nimewasha.

Mlango umefunguka. Gentille ameingia, robe ya kijani, anacheka, anakula embe.

Nimesema amefufuka. Katekista Albert akakohoa kwa ukali. Basi nikasema hapana, hakufa, alizimia tu, chai ilikuwa nyepesi, daktari alikosea. Nilisubiri viatu vinipige usoni. Mama Bénédicte alisimama. Akasema, "Mutoto yetu iko muzima." Akapiga kigelegele! Wanawake wote wakapiga! Wamecheza mbele ya televisheni mpaka nimelazimika kusimamisha filamu. Nililia kwa kiburi. Mtu aliyeua na kufufua, na mabenchi bado yamejaa!

Kisha Faustin akajisafisha koo.

Akaniita Papa mukwe. Amenizidi miaka miwili, lakini akainamisha macho kabisa, kama mkwe wa kweli. Akasema familia ya mume inamshukuru Mungu. Akasema mahari ilitolewa, ilipokelewa, ililiwa. Na kwa kuwa bibi arusi yuko hai, familia inaomba kumchukua mke wao nyumbani, upande wa pili wa barabara.

Nilicheka. Nilicheka peke yangu.

Albert akaniuliza kama nilipokea mbuzi. Nikasema ule ulikuwa mbuzi wa matanga. Akauliza kama sikutamka neno mahari kwa mdomo wangu. Mashahidi wakasimama, wote saba. Akauliza ini lilikwenda kwa nani. Watu wote wakaniangalia tumboni.

Unaweza kubishana na Faustin. Huwezi kubishana na Kashebere nzima kuhusu ini. Nimewaambia flash ni yangu. Mama Bénédicte akajibu kwa upole kwamba kila binti ni wa baba yake mpaka siku anapotolewa mahari. Wametandika kitenge kipya ndani ya kitunga, wameweka flash juu yake, naye Mama Bénédicte amekibeba kichwani. Wamevuka barabara wakiimba nyimbo za kumsindikiza bibi arusi. Wamechukua na mabenchi, maana kwa Faustin viti havitoshi. Gaëlle naye amekwenda, na beignets zake zote. Nimemuuliza anakwenda wapi. Amesema mama lazima amsindikize binti.

Mama Léontine amebaki peke yake mlangoni, akiangalia nyumba tupu. Amesema pole, Esdras. Ameisema kwa moyo, na ndiyo iliyoniuma kuliko zote.

Jumatatu, tarehe 9 Desemba

Magunia yameingia alfajiri, mpaka darini. Salle Espoir inanuka maharagwe. Televisheni iko kitandani kwangu, nimeifunika blanketi. Nimekaa kando yake kitambo, na nakiri hapa kwamba nimelia, safari hii si kwa furaha.

Saa sita Faustin kaja, macho chini, na kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi. Kumbe asubuhi walijaribu sehemu ya mia mbili thelathini bila mimi. Faustin alitafsiri mwenyewe. Kwake kila mtu alikuwa anasema "nitakupiga teke". Mama Bénédicte alimfukuza kutoka mbele ya skrini yake mwenyewe. Basi mkwe ananiomba, kwa heshima zote, niwe ninakuja kila siku kutafsiri. Kiti changu kitakuwa mbele, chenye mto. Tutagawana nusu kwa nusu.

Nimekubali kwa uzito. Saa tisa nimekwenda na kifimbo. Watu walisimama wote nilipoingia. Mama Bénédicte amenipa ndizi mbivu. Thierry amenisalimia Papa Gentille. Umati haujawahi kuwa mkubwa hivyo, watu wamekaa hata juu ya mti wa avoka. Mtu mwingine angeridhika.

Mimi sikuridhika. Wakati natafsiri, akili yangu ilikuwa inafanya kazi, na kabla sehemu haijaisha nimepata njia. Ni rahisi mno, sijui kwa nini sikuiona. Mwanamke akifiwa na mume, anarudi wapi? Kwa baba yake! Na flash itarudi pamoja naye. Basi ni lazima Patient afe. Tena Patient hapendwi sana, matanga yake hayatazidi siku moja.

Nimeanza leo hii. Patient alikuwa amegeuka mgongo, anacheka na simu, nikasema anakohoa. Mama Bénédicte amesema maskini.

Jioni nimemweleza Gaëlle mpango wote. Amesikiliza huku anageuza beignets. Kisha ameuliza kwetu hapa, mume akifa, mjane anarithiwa na nani. Nimemjibu kila mtu anajua, anarithiwa na ndugu wa mume. Ameangalia upande wa kwa Faustin, akaendelea kugeuza beignets.

Hajui kitu kuhusu sanaa. Kesho Patient atakohoa mara nne.